Maji yameshatoka, nyumba bado mbichi: kukausha na kurudisha nyumba baada ya mafuriko Dar

Masika yakipita, na miaka mingine vuli likizidi kipimo, simu yangu huanza kulia. Kigogo, Hananasifu, Tandale, Vingunguti, Sinza kando ya Mto Ng'ombe, Mbagala upande wa Mto Kizinga, siku hizi hata Tegeta na Bunju. Swali ni lile lile: "Fundi, maji yameshatoka, lini unakuja kupiga rangi?" Nikijibu kwamba rangi ni baada ya miezi, wengine hukata simu na kumtafuta fundi mwingine.

Siwalaumu, maana na mimi niliwahi kuwa huyo fundi mwingine. Masika ya 2014 nilipiga tailizi chumba kizima Tandale wiki ya tatu tu baada ya maji kutoka. Mwenye nyumba alikuwa na haraka, mimi nilikuwa na njaa. Mwaka haujaisha, tailizi zilikuwa zimenyanyuka katikati kama mgongo wa kobe, na ukuta ukawa unamwaga unga mweupe kila ukiupangusa. Niling'oa zote na kurudishia kwa hela yangu. Haya ninayoandika nimeyalipia.

Jambo la kuelewa kabla ya yote ni kwamba tofali la saruji na zege vinakunywa maji. Ndani yake mna vitundu vidogo visivyoonekana, na maji hupanda humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Maji yakisimama chumbani hadi magotini, ubichi ndani ya ukuta utafika kiunoni. Sebule ukiifagia ikapendeza siku ile ile, ndani ya jamvi, yaani zege la sakafu, na tofali bado kuna ndoo nyingi za maji, na yatatoka kwa kasi yao, si yako.

Kabla hujaingia

Umeme kwanza. Kama maji yamefika kwenye soketi au kwenye boksi la swichi kuu, usiingie kuzima ukiwa umesimama ndani ya maji. Piga TANESCO wakate kwenye nguzo, hata kama mtaa mzima uko gizani, kwa sababu umeme hurudi bila hodi. Kuisha kwa LUKU hakuhesabiki kuwa umezima.

Zunguka nje ukiwa mbali kidogo na ukuta wa uzio. Uzio mwingi wa mjini hauna nondo za kutosha, na ukiwa na maji upande mmoja huanguka mzima mzima. Angalia pembe za nyumba: je, maji yamechimba udongo hadi msingi unaonekana? Kuna ufa mpya unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali? Mlango uliokuwa unafunga vizuri umekwama kwa sababu fremu imekaa upande? Ukiona dalili mbili kati ya hizo, usilale humo. Mlete mhandisi au fundi ujenzi mzoefu aangalie msingi kabla ya kazi nyingine yoyote.

Ukishaingia, piga picha kila chumba kabla hujagusa kitu, kisha chukua penseli uchore mstari pale maji yalipofika, uandike na tarehe. Picha ni kwa ajili ya bima kama unayo, na kwa ajili ya serikali ya mtaa. Mstari ni kwa ajili yako: baada ya mwezi utausahau urefu wa maji, na lipu itakayong'olewa inahesabiwa kuanzia hapo. Wapangaji nao, ambao wengi wameshalipa kodi ya miezi sita mbele, wakubaliane na mwenye nyumba kwa maandishi nani anagharamia nini, mbele ya mjumbe, mapema kabla hasira hazijapanda.

Kama maji bado yamesimama ndani, usikimbilie pampu wakati nje kuna maji ya kimo kile kile au zaidi. Maji ya nje yanasukuma ukuta, ya ndani yanausaidia kusimama. Ukiyatoa ya ndani peke yake, ukuta unabaki na mzigo wa upande mmoja. Subiri ya nje yaanze kushuka, uwe unashusha ya ndani pamoja nayo.

Tope litoke likiwa laini

Hapa ndipo haraka inaruhusiwa. Tope la Msimbazi likikauka linakuwa kama saruji mbovu: linashika kwenye viungo vya tailizi, kwenye bawaba, ndani ya mabomba ya waya. Likiwa bado uji, beleshi na fagio vinatosha. Vaa buti za mpira na glavu nene, kwa kuwa tope hilo lina misumari, vipande vya chupa, na kilichotoka vyooni. Sote tunajua kwamba mvua ikinyesha wapo wanaotapisha vyoo makusudi, kwa hiyo hesabu kuwa kila maji ya mafuriko ya mjini ni majitaka. Kipindupindu hakichagui nyumba ya kigae au ya bati.

Zoa, kisha suuza kwa maji safi kutoka juu ya mstari kwenda chini, ukimalizia na sakafu kuelekea mlangoni. Usiogope kulowanisha ukuta tena. Umeshalowa, na tope likibaki juu yake linaziba vitundu ambavyo ubichi ungetokea. Zibua mashimo ya kutolea maji bafuni. Fungua vifuniko vya soketi baada ya umeme kukatwa, utoe tope lililomo.

Kisha sabuni ya unga na brashi ngumu. Klorini inafuata mwisho, maana uchafu unaila dawa kabla haijafanya kazi, na kumwaga jiki juu ya tope ni kumwaga hela. Chupa nyingi za jiki zina nguvu ya asilimia 3.5, soma lebo. Kopo moja la dawa kwa makopo sita ya maji linakupa asilimia 0.5, inayotosha sakafu na kuta zilizoguswa na majitaka. Pakaza, acha dakika 10 hivi, suuza. Madirisha yawe wazi, na kamwe usiichanganye na dawa ya choo yenye tindikali au yenye amonia. Hewa inayotoka hapo inachoma mapafu.

Kitupwe nini

Godoro la sponji, litupe. Najua linauma, lakini majitaka yaliyoingia katikati ya sponji hayatoki kwa jua la Dar wala la Dodoma. Kapeti nene, mito, makochi ya vitambaa yaliyozama, vivyo hivyo. Kabati za jikoni za MDF, zile mbao za vumbi lililogandishwa kwa gundi, zikishavimba hazirudi. Kizigeu cha jipsam kilichozama kikatwe sentimita 30 juu ya mstari wa maji. Ukiacha kipande cha chini, karatasi yake inaota ukungu ndani ya siku mbili. Chakula kilichoguswa, hata cha pakiti, na dawa za hospitali, vyote nje.

Mbao ngumu ni habari nyingine. Mlango wa mninga au mkongo unaweza kuzama siku tatu na ukarudi, ila ukaushwe kivulini penye upepo. Ukiuanika juani, uso unakauka kabla ya moyo, ubao unapinda na kupasuka. Uvue kwenye bawaba, uulaze juu ya vijiti ili hewa ipite chini na juu, uweke tofali kadhaa juu usipinde. Wiki tatu hadi sita.

Kukausha kwenyewe

Watu wengi hufungua madirisha mchana na usiku wakadhani kazi imeisha. Dar ni mji wa pwani, na wakati wa masika hewa ya alfajiri imeshiba unyevu karibu na ukomo. Hewa ya nyuzi joto 24 ikishiba hubeba gramu kama 22 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikipashwa hadi nyuzi 31 inaweza kubeba gramu kama 32. Kwa hiyo hewa ile ile iliyojaa saa 11 alfajiri, ikifika saa 7 mchana ina nafasi ya kubeba karibu nusu tena ya mzigo wake. Hapo ndipo ukuta unapokauka kweli. Nyumba isiyo na mashine ifungue kila kitu kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 au 11 jioni. Usiku acha upenyo tu, na mvua ikinyesha funga.

Feni ina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, ikiwekwa vizuri. Ikizunguka katikati ya chumba inakoroga tu hewa mbichi. Iweke dirishani, ikitazama nje, isukume hewa ya chumba itoke; upande wa pili fungua mlango au dirisha hewa kavu iingie. Ukiwa na feni ya pili, ielekeze ipulize kwa mshazari kupita usoni mwa ukuta, kuanzia chini, kwa sababu chini ndiko maji yalikojikusanya. Kila kabati na kitanda kikae mbali na ukuta, shibiri moja na nusu angalau. Picha na mapazia yatoke. Umeme wa feni hizo utoke kwenye soketi zilizokaguliwa au kwa jirani asiyepatwa na maji. Ukitumia jenereta, ikae nje kabisa, mbali na madirisha, maana moshi wake una hewa ya sumu inayoua bila harufu ya kukuonya.

Mwenye kiyoyozi ana silaha nzuri, kikiwa hakikuzama. Kiweke kwenye alama ya tone la maji, ile hali ya kukausha, kisha funga madirisha na milango yote. Kiyoyozi na madirisha wazi kwa pamoja maana yake unakausha hewa ya mtaa mzima, na LUKU itakwambia. Weka ndoo chini ya kibomba chake cha nje, upime kila siku saa ile ile. Wiki ya kwanza ndoo itakushangaza. Ikianza kupungua siku hadi siku, ujue ubichi wa juu juu unaisha. Mashine maalumu za kuvuta unyevu zinafanya kazi hiyo hiyo kwa nguvu zaidi. Kwa nyumba kubwa au ofisi ni bora kukodi kuliko kununua.

Jambo moja naliona kila mwaka na linanikera: jiko la mkaa linawashwa ndani, milango imefungwa, "likaushe ukuta". Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Jiko la gesi nalo halisaidii, maana kila kilo ya gesi ikiungua inazalisha maji zaidi ya lita moja na nusu kama mvuke. Unapasha chumba huku unakimwagilia.

Itachukua muda gani? Mafundi wa zege hukadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene pale linapokauka upande mmoja tu. Jamvi la inchi 4 hapo ni miezi minne, hali ikiwa nzuri. Ukuta wa inchi 6 unaopumua pande zote mbili una nafuu, lakini usitegemee chini ya wiki sita hadi nane. Mafuriko ya Aprili yana bahati moja: mbele yake kuna kipupwe, Juni hadi Septemba, upepo wa kusi na hewa kavu kiasi. Yale ya vuli ni mabaya zaidi kwa mkaushaji, kwa sababu yanafuatwa na joto zito la Januari na Februari, halafu masika hayo yanabisha hodi.

Pima, usikisie

Kiganja hakijui. Ukuta mkavu kwa kuguswa unaweza kuwa mbichi sentimita mbili ndani.

Kipimo cha maskini, na ndicho ninachokitumia zaidi: kata nailoni nzito inayopitisha mwanga, mraba wa sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni, na ukutani vivyo hivyo, kwa selotepu pana pande zote nne pasibaki pa kupumulia. Acha usiku kucha, saa 16 au zaidi, isiwe mahali jua linapopiga. Ukiifungua ukakuta matone upande wa chini, au zege pale limekuwa jeusi kuliko pembeni, sakafu bado. Pima sehemu tatu za chumba: katikati, kwenye pembe, na karibu na ukuta wa bafu. Rudia kila baada ya wiki mbili na uandike kwenye daftari.

Mbao zina kifaa chake chenye sindano mbili. Ubao ukisoma chini ya asilimia 16, unaweza kuurudisha kwenye bawaba na kuupiga vanishi.

Halafu kuna jamvi lisilokauka hata ufanye nini. Nyumba nyingi za mabondeni zilimwagwa jamvi bila nailoni chini, juu ya kifusi moja kwa moja. Maji ya ardhini yakibaki juu, utambi unaendelea kunywa, na feni zako zinavuta maji ya bonde. Ukiona kipimo hakibadiliki miezi miwili mfululizo wakati wa kiangazi, tatizo liko chini. Hapo kuna njia mbili: kuvunja jamvi, kuweka nailoni nzito na kumwaga upya, au kukubali sakafu inayopumua, kama nitakavyoeleza.

Ukuta

Gonga lipu kwa kishikio cha nyundo kuanzia chini. Inayolia tupu imeachana na tofali, ing'oe. Skimu ya jasi, lile tabaka laini juu ya lipu, na rangi iliyozama vikwanguliwe hadi kwenye saruji, hata kama inaonekana nzima, kwa kuwa inazuia ukuta kutoa maji. Rangi ya mafuta ndiyo mbaya zaidi. Ni kama kuuvika ukuta koti la mvua kwa ndani.

Ukuta ukianza kukauka, utaona unga mweupe. Watu huogopa, lakini ile ni chumvi inayosafiri na maji na kubaki nje maji yanaporuka, dalili kwamba ukuta unafanya kazi yake. Usiioshe, ukiimwagia maji inayeyuka na kurudi ndani. Ifagie kwa brashi kavu, izoe, ukaitupe nje. Itarudi mara mbili tatu, kila mara kidogo kuliko ya kwanza. Isiporudi kwa wiki tatu, ukuta umekaribia.

Ukungu mweusi ni tofauti, na haufagiliwi ukiwa mkavu, maana mbegu zake zinapaa chumba kizima. Lowanisha kwa maji ya sabuni, futa, tupa kitambaa, kisha pitisha dawa. Vaa barakoa nzuri. Mwenye pumu ahamie kwa ndugu siku hizo.

Lipu mpya ipigwe tofali likishakuwa kavu kwa kipimo. Saruji isizidi; mkono mmoja wa saruji kwa mitano au sita ya mchanga wa mtoni uliooshwa. Mchanga wenye chumvi utakuletea unga mweupe upya, safari hii bila mafuriko.

Sakafu

Piga tailizi moja moja kwa sarafu. Zinazolia kavu na nzito zimeshika. Zinazolia kama debe zimeachia, na tope liko chini yake. Zikiwa chache, toa hizo tu, kausha, rudishia. Zikizidi robo ya chumba, usijidanganye, toa zote, maana zilizobaki nazo zinazuia jamvi kupumua. Mkeka wa plastiki utolewe siku ya kwanza.

Wakati sakafu iko wazi, gonga jamvi lenyewe kwa nyundo nzito. Mlio wa ngoma maana yake kifusi kimechukuliwa na maji na zege linaning'inia hewani. Sehemu hiyo ivunjwe, ijazwe moramu, udongo wa changarawe, kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ishindiliwe, ndipo imwagwe. Mchanga mtupu umwagwao bila kushindiliwa utaondoka na mvua ijayo.

Na sasa maoni yangu, ambayo wauza tailizi hawayapendi. Kama nyumba yako iko bondeni na maji yameingia zaidi ya mara moja, acha tailizi. Rudi kwenye sakafu ya saruji iliyopigwa niru, yaani kulainishwa juu kwa uji wa saruji, kama walivyofanya wazee wetu. Inapumua, inafuliwa kwa ndoo mbili, na ikipasuka unaziba. Na kama uko Jangwani au ndani ya eneo la mradi wa serikali wa kudhibiti mafuriko Bonde la Msimbazi, uliohamisha wakazi, jua kwanza hatima ya kiwanja kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Umeme, tenki na karo

Soketi, swichi na breka zilizozama zibadilishwe, zisikaushwe. Waya wenyewe mara nyingi hupona, lakini fundi mwenye leseni ya EWURA aupime kwa megga, kifaa kinachoonyesha kama waya unavujisha umeme: kwa volti 500 usome megaomu 1 au zaidi. Ukiwa unarudishia, pandisha soketi hadi mita moja na zaidi juu ya sakafu. Gharama ni bomba na waya kidogo tu.

Tenki la ardhini limwagwe lote, lisuguliwe, lipakwe maji ya jiki, lisuuzwe ndipo lijazwe. Karo la choo usiliitie gari la kunyonya wiki ile ile. Ardhi ikiwa bado imeshiba maji, karo tupu linasukumwa kutoka nje. Kuta hubomoka kwa ndani, na la plastiki huweza kuelea. Subiri maji ya ardhini yashuke.

Rangi

Mwisho kabisa. Nailoni ikitoka kavu mara mbili mfululizo, kwa tofauti ya wiki mbili, piga rangi ya maji, isiyo ya mafuta, kwenye ukuta mmoja tu: ule uliokuwa mbichi kuliko wote. Uache mwezi mzima, ukiuangalia hasa sentimita 50 za chini. Ikitokea malengelenge au mstari wa unga, unarudi kwenye feni ukiwa umepoteza kopo moja badala ya ndoo nne. Ukikaa salama, niite nimalizie kuta zilizobaki.